Ufadhili wa Kusomea Uchambuzi wa Data za Biashara: Anayeupata Huenda na Swali Lake

Miongoni mwa ufadhili wa masomo unaowaniwa na vijana wa Afrika Mashariki wenye shahada ya kwanza na miaka michache ya kazi ni ule wa kusomea shahada ya uzamili katika uchambuzi wa data za biashara, yaani elimu ya kukusanya, kupanga na kuchunguza kumbukumbu zinazozalishwa na shughuli za kila siku za kampuni, benki, hospitali au shirika la umma, ili mwenye mamlaka aweze kufanya uamuzi ulio bora kuliko ule ambao angeufanya kwa mazoea au kwa kubahatisha. Elimu hii si uhasibu, ingawa mhasibu huweza kuisoma. Wala si sayansi ya kompyuta, ijapokuwa haifanyiki bila kompyuta. Wala si takwimu peke yake, japo takwimu ndiyo mhimili wake. Imesimama katikati ya fani hizo tatu, na kinachoitenga nazo ni kwamba huanzia kwenye uamuzi na kuishia kwenye uamuzi: mkopo apewe nani, bohari iagize mzigo kiasi gani kabla ya masika, zahanati ipi ipelekewe dawa kwanza, mteja yupi anakaribia kuhamia mtandao mwingine.

Eneo hili la dunia lina sababu yake ya pekee ya kuihitaji elimu hiyo. M-Pesa ilizinduliwa na Safaricom nchini Kenya mwezi Machi 2007, ikaingia Tanzania kupitia Vodacom mwaka 2008, na tangu hapo kila anayetuma pesa, anayelipa umeme au anayetoa fedha kwa wakala huacha nyuma yake kumbukumbu ya kiasi, saa na mahali. Novemba 2012 ilianzishwa huduma ya M-Shwari, ambayo iliwawezesha wateja wa Safaricom kukopa kwa simu bila kufika benki na bila kuweka dhamana, kwa kuwa kiwango cha mkopo wa kwanza kilikadiriwa kutokana na jinsi mteja alivyotumia simu yake na huduma ya pesa. Ni hatua kubwa, na ina hatari zake, kwa sababu anayepanga kanuni ya kumkadiria mkopaji asipoyajua maisha ya mkopaji huyo huweza kumwonea bila kukusudia. Akaunti ya mkulima inayolala miezi sita kisha ikapokea fedha nyingi kwa juma moja inaweza kuonekana ya kutiliwa shaka kwa mchambuzi aliyezoea watu wanaolipwa mshahara kila mwisho wa mwezi, ilhali kwa mchambuzi aliyekulia Njombe au Bungoma hiyo ni dalili ya mavuno tu. Kwa hiyo suala la nani anasomeshwa kuzichambua kumbukumbu hizi linawagusa hata watu ambao hawatakanyaga chuo kikuu maishani mwao.

Wataalamu huigawa kazi yenyewe katika ngazi tatu. Ya kwanza ni kueleza yaliyotokea, kama vile mauzo ya kila tawi kwa mwezi. Ya pili ni kutabiri yanayoelekea kutokea. Na ya tatu, iliyo ngumu zaidi, ni kupendekeza la kufanya. Mfano mmoja unaweza kuonyesha jinsi ngazi hizo zinavyotofautiana. Ichukuliwe kuwa kampuni ya pesa za simu hupitisha miamala 100,000 kwa siku na kwamba 100 kati ya hiyo ni ya ulaghai. Programu ya kompyuta ambayo kila mara inasema kuwa muamala ni salama itakuwa imesema kweli mara 99,900, yaani usahihi wa asilimia 99.9, na bado haitakuwa na manufaa yoyote, kwa kuwa haitakuwa imemnasa hata laghai mmoja. Sasa ichukuliwe kuwa mchambuzi ametengeneza modeli, yaani kanuni ya kihesabu iliyofunzwa kwa kumbukumbu za nyuma, inayonasa miamala 90 kati ya ile 100 ya ulaghai, lakini ambayo hukosea na kuitilia shaka asilimia 1 ya miamala halali. Asilimia 1 ya 99,900 ni 999, na kwa hiyo miamala itakayotiliwa shaka kwa siku ni 1,089, ambamo ya ulaghai ni 90 tu, sawa na takribani 8 katika kila 100. Wengine wote ni watu wasio na hatia: mzazi anayetuma ada, mchuuzi anayelipia mzigo, kijana anayemtumia bibi yake fedha za matibabu.

Hapo ndipo kazi hasa inapoanza. Kampuni ikizuia miamala yote 1,089 papo hapo, itakuwa imewakwamisha watu 999 ili kuwakamata 90. Ikiiacha yote ipite, laghai atakuwa amekula. Inaweza kuichelewesha kwa dakika chache na kumtumia mteja ujumbe wa kuthibitisha, au kuipeleka kwa wafanyakazi waikague mmoja mmoja, na kama mfanyakazi mmoja anaweza kukagua miamala 60 kwa siku, basi watahitajika wafanyakazi 19 kwa kazi hiyo pekee. Je, hasara inayookolewa inatosha kuwalipa? Hakuna fomula inayoweza kulijibu swali hilo bila mtu kupima fedha, haki ya mteja na jina jema la kampuni kwa pamoja, na mwanafunzi anayehitimu fani hii hutarajiwa kuyapima hayo, kisha kuyaeleza kwa ukurasa mmoja au miwili mbele ya mkurugenzi asiyejua hesabu.

Fani hii ina asili ya zamani kuliko kompyuta, na historia yake ina somo kwa kila anayetafuta ufadhili. Mwaka 1899 kijana Mwingereza aliyeitwa William Gosset, aliyesoma hesabu na kemia Oxford, aliajiriwa na kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, Ireland. Kiwanda kilitaka kujua ni shayiri ipi na hopu zipi, yaani maua yanayoipa bia uchungu wake, zingefaa zaidi, lakini majaribio ya shambani na maabarani yalikuwa ghali, hivyo Gosset alijikuta na vipimo vichache sana, wakati mwingine vinne au vitano, ilhali kanuni za takwimu za zama hizo zilitegemea vipimo mamia kwa maelfu. Mwaka 1906, kwa ridhaa ya mwajiri wake, alikwenda London kusoma katika maabara ya Karl Pearson, aliyekuwa mtakwimu mashuhuri wa Chuo Kikuu cha London, University College. Pearson mwenyewe alishughulika na vipimo vingi vya kibayolojia na hakuliona tatizo la vipimo vichache kuwa kubwa. Kilicholifanya kuwa kubwa ni kiwanda kilichomtuma Gosset. Mwaka 1908 makala yake ilitoka katika jarida la Biometrika kwa jina la kubuni la “Student”, kwa kuwa mwajiri hakuruhusu wafanyakazi kuchapisha kwa majina yao, na kanuni aliyoianzisha, inayojulikana leo kama mtihani wa t, imo ndani ya kila programu ya takwimu duniani. Gosset alirudi Dublin kazini, akaendelea kuitumikia kampuni hiyohiyo hadi alipofariki mwaka 1937.

Alikwenda, basi, na swali lililotoka kazini kwake, akasoma mahali palipokuwa na maarifa aliyoyakosa, akarudi na jibu. Mpangilio huo ndio unaotafutwa na wafadhili wengi wa leo, hata pale wanapoueleza kwa maneno mengine.

Vita Kuu ya Pili iliipanua elimu hii. Nchini Uingereza mwanafizikia Patrick Blackett, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1948, aliongoza kundi la wanasayansi waliochunguza kumbukumbu za misafara ya meli zilizoshambuliwa na nyambizi za Wajerumani katika Atlantiki, wakagundua kwamba idadi ya meli zilizozamishwa katika shambulio haikutegemea sana ukubwa wa msafara, na kwa hiyo msafara mkubwa ulipoteza sehemu ndogo zaidi ya meli zake. Isitoshe, mzingo unaopaswa kulindwa hauongezeki kwa kasi ileile ya idadi ya meli zilizomo. Misafara ikakuzwa. Baada ya vita maarifa hayo yalihamia kwenye migodi ya makaa ya mawe na viwandani, na mwaka 1964 Chuo Kikuu cha Lancaster kilianzisha idara ya utafiti wa uendeshaji, jina ambalo fani hii ilijulikana nalo huko Uingereza. Jina la sasa lilienea baada ya mwaka 2006, Thomas Davenport alipochapisha makala katika Harvard Business Review kuhusu kampuni zinazoshindana kwa uchambuzi. Mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, Marekani, kilianza kutoa shahada ya uzamili ya uchambuzi, na tangu hapo shule za biashara za Marekani, Ulaya na Australia zimeifuata njia hiyo.

Nchini Uingereza, ambako waombaji wengi wa Kenya, Tanzania na Uganda huelekeza macho kwa sababu ya lugha ya kufundishia na kwa sababu shahada ya uzamili huchukua mwaka mmoja tu, masomo huanza Septemba. Mihula miwili ya kwanza ni ya mihadhara na mitihani, na miezi ya kiangazi ni ya tasnifu au mradi unaofanywa mara nyingi pamoja na kampuni yenye tatizo halisi. Mwanafunzi husoma takwimu, modeli za utabiri, namna ya kuchota kumbukumbu kutoka kwenye hifadhidata kwa lugha ya SQL, na somo la kutafuta mpangilio ulio bora kuliko yote ndani ya mipaka iliyopo, kwa mfano njia ya malori 12 yanayopaswa kufika maduka 200 kabla ya saa nne asubuhi. Lugha za programu zinazotumika zaidi ni Python, iliyotolewa na Mholanzi Guido van Rossum mwaka 1991, na R, iliyobuniwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, katika miaka ya 1990. Zote mbili hupatikana bure, na hilo ni jambo la kutiliwa mkazo, kwa maana mwenye kompyuta na bando la intaneti anaweza kuanza kujifunza mwaka mzima kabla ya kuomba ufadhili. Kufanya hivyo ni busara, kwa sababu mwaka mmoja huenda mbio, na anayefika akiwa amesahau kalkulasi, matriki na kanuni za uwezekano hujikuta amebaki nyuma kabla hajazoea baridi.

Ufadhili wenyewe ni wa aina mbili, na kuzichanganya kumewagharimu wengi. Upo ufadhili kamili, unaolipa ada, posho ya kujikimu, nauli na mara nyingi gharama za viza. Na upo ufadhili wa sehemu, ambao kwa hakika ni punguzo la ada linalotolewa na chuo chenyewe. Barua ya punguzo huwa na lugha ya pongezi kama ile ya ufadhili kamili, na jamaa huanza kusherehekea, lakini hesabu haidanganyi: ada ikiwa pauni 30,000 na punguzo likiwa asilimia 20, mwanafunzi atapaswa kutafuta pauni 24,000, bado pango, chakula na nauli. Kwa aliye na akiba au mwajiri wa kumsaidia, punguzo hilo ni msaada wa kweli. Kwa asiye na kitu, ni deni linalokuja limevaa nguo za zawadi, na familia iliyouza kiwanja ili kulifukuzia huweza kupoteza vyote viwili.

Katika ufadhili kamili wa Uingereza unaofahamika zaidi ni Chevening, ulioanzishwa na serikali ya nchi hiyo mwaka 1983 na uliopewa jina la jumba lililoko Kent ambalo hutumiwa na waziri wa mambo ya nje. Haulazimishi fani maalumu, na kwa hiyo uchambuzi wa data za biashara umo. Mwombaji anapaswa kuwa na shahada ya kwanza itakayomwezesha kudahiliwa, pamoja na uzoefu wa kazi usiopungua saa 2,800, ambazo ni sawa na miaka miwili hivi, na zinazoweza kujumuisha kazi ya kujitolea na mafunzo kazini. Dirisha la maombi kwa kawaida hufunguliwa Agosti na kufungwa Oktoba au Novemba, usaili hufanyika mwanzoni mwa mwaka unaofuata, na masomo huanza Septemba. Mwombaji huchagua kozi tatu, huomba udahili vyuoni kwa njia yake mwenyewe, na anapaswa kuwa na angalau barua moja ya udahili usio na masharti kabla ya tarehe inayowekwa, ambayo kwa kawaida huangukia Julai. Maswali ya insha huhusu uongozi, uwezo wa kujenga mahusiano ya kikazi, sababu ya kuchagua kozi na Uingereza, na mpango wa kazi baada ya masomo.

Milango mingine ipo. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola uliasisiwa katika mkutano uliofanyika Oxford mwaka 1959. Fulbright wa Marekani ulianza mwaka 1946. Ujerumani ina shirika la DAAD. Na Umoja wa Ulaya una mpango wa Erasmus Mundus, ulioanza mwaka 2004, ambao mwanafunzi wake husoma katika nchi zaidi ya moja na hulipwa euro 1,400 kwa mwezi. Wala haipasi kudhani kuwa elimu hii iko ng’ambo tu: Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kimekuwa na kampasi Kigali tangu mwaka 2011, Chuo Kikuu cha Rwanda kina kituo cha umahiri wa sayansi ya data, na Strathmore ya Nairobi hutoa shahada ya uzamili katika fani hiyo. Kwa mwenye familia changa au mzazi mgonjwa, kusoma karibu na nyumbani kunaweza kuwa uamuzi bora zaidi, na hauna upungufu wowote wa heshima.

Kabla ya insha huja vyeti, na hapa lipo jambo dogo ambalo limewaangusha waombaji wazuri wa Tanzania. Vyuo vya Tanzania hupima wastani wa ufaulu kwa kipimo cha 5, ambamo daraja la pili la juu huanzia 3.5 hadi 4.3, ilhali vyuo vya Marekani hutumia kipimo cha 4. Mwombaji anayeandika 3.6 bila kueleza kuwa ni kati ya 5 huweza kudhaniwa kuwa na alama za juu kuliko alizo nazo, kisha akaonekana mwongo transkripti inapofunguliwa; na anayejigeuzia alama hizo kwa kikokotoo alichokiona mtandaoni hujiingiza katika tatizo hilohilo kwa mlango mwingine. Inatosha kuandika alama kama ilivyo, kutaja kipimo na kutaja daraja la shahada, kwani maofisa wa udahili wanayo majedwali ya kulinganisha.

Insha ndizo zinazotenganisha waombaji ambao vyeti vyao vinafanana. Waandishi wengi huanza kwa kusema kwamba data ni utajiri wa karne hii, kwamba wana ari kubwa ya kujifunza, na kwamba watarudi kuliendeleza taifa. Maneno hayo hayana kosa lolote, lakini msomaji wa jopo huyakuta katika kila faili na hayamwambii chochote kuhusu mtu aliyeyaandika. Ichukuliwe, kwa upande mwingine, kuwa mwombaji ni mtunza kumbukumbu wa chama cha msingi cha ushirika, maarufu kama AMCOS, katika wilaya ya korosho mkoani Mtwara, ambako zao huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, yaani mkulima hukabidhi mzigo ghalani, hupewa hati, na korosho huuzwa kwa mnada. Msimu hufunguliwa karibu na Oktoba, na kwa majuma kadhaa magunia huisha katika baadhi ya vituo huku vituo vingine vikiwa na marobota ambayo hayajaguswa. Wakulima hulala na korosho zao nje ya kituo, mvua za mwanzo zikinyesha unyevu huongezeka, na daraja la zao hushuka. Mwombaji huyo ananakili daftari za misimu mitatu kwenye Excel, safu moja ya tarehe, moja ya kituo, moja ya kilo, kisha anagundua kuwa mzigo hauji sawasawa, bali huongezeka ghafla siku chache baada ya bei ya mnada wa kwanza kutangazwa, na kwamba vituo vilivyo kando ya barabara ya lami hujaa mapema kuliko vya ndani. Anapendekeza mgao mpya. Katibu anaukubali kwa vituo viwili.

Mwombaji wa namna hiyo hana haja ya kudai kuwa anapenda data. Anachopaswa kueleza ni mahali alipokwama: kwamba aliweza kueleza yaliyopita lakini hakuweza kukadiria msimu ujao, kwa sababu hajui namna ya kuunganisha bei, mvua na umbali katika modeli moja, na kwamba kozi fulani ya chuo fulani ina somo la utabiri na somo la kupanga mgao, ambayo ndiyo mawili anayoyakosa. Insha inayoandikwa hivyo hujibu maswali yote ya mfadhili kwa mara moja, kwa kuwa uongozi umo katika kumshawishi katibu, mahusiano yamo katika kuwafanya makarani wa vituo watoe daftari zao, sababu ya kusoma imo katika kukwama, na mpango wa baadaye umo katika msimu ujao. Kazi yenyewe si lazima iwe ya korosho. Muuguzi mwenye rejista ya wagonjwa wa nje, karani wa stendi ya mabasi, ofisa mikopo wa SACCOS au mwalimu wa takwimu mwenye matokeo ya mitihani ya miaka mitano ana malighafi ileile, na wengi wao hawajioni kuwa wanastahili.

Barua za wadhamini hufuata kanuni hiyo. Barua ya mkurugenzi mwenye cheo kikubwa asiyemjua mwombaji, iliyojaa sifa za jumla, ina uzito mdogo kuliko ya msimamizi wa karibu anayeweza kusema aliona nini, lini, na matokeo yakawa nini. Mwombaji mwenye adabu humwendea msimamizi wake mapema, humpa nakala ya insha na orodha ya kazi walizofanya pamoja, na humwachia muda wa kutosha. Si vema kumpigia mkuu wa kazi simu usiku wa kuamkia siku ya mwisho. Katika usaili, wanajopo huuliza tena yaliyoandikwa, kwa undani zaidi, na aliyeandikiwa insha na mtu mwingine au na kompyuta hujulikana pale anapoulizwa namba moja imetoka wapi. Anayeijua kazi yake hujibu kwa utulivu, na akiulizwa asilolijua husema hajui na kueleza angelitafutaje, jambo ambalo kwa mchambuzi ni sifa.

Barua ya ushindi ikifika, shughuli haijaisha. Chuo cha Uingereza hutoa namba ya uthibitisho wa udahili ambayo bila hiyo viza ya mwanafunzi haiombwi. Wakazi wa Kenya na Tanzania wanaokwenda Uingereza kwa zaidi ya miezi sita hutakiwa kupimwa kifua kikuu katika vituo vilivyoidhinishwa. Na anayejilipia sehemu ya gharama huonyesha fedha zilizokaa katika akaunti kwa siku 28 mfululizo, kiasi kwamba harambee iliyochangwa juma la mwisho haimsaidii. Tangu Januari 2024 wanafunzi wa uzamili wa kozi za kufundishwa hawaruhusiwi kwenda na wategemezi wao nchini humo, isipokuwa wanaofadhiliwa na serikali kwa kozi inayozidi miezi sita, na hata hao Chevening haiwalipii wategemezi. Kwa mama au baba mwenye watoto wadogo haya ni mambo ya kukaa na kujadiliwa na familia kabla ya kuomba, maana mwaka wa kumwacha mtoto kwa bibi yake una uzito ambao hauingii katika fomu yoyote.

Mfadhiliwa wa Chevening hufungwa na sharti la kurudi nchini kwake na kukaa huko kwa angalau miaka miwili baada ya masomo. Wapo wanaoliona sharti hilo kuwa kikwazo, hasa wanapowaona wenzao wakibaki kutafuta kazi London. Lakini sharti hilo lina maana kwa fani hii kuliko kwa nyingi nyingine, kwa kuwa modeli iliyofunzwa kwa kumbukumbu za wanunuzi wa Manchester haielewi mnada wa korosho wa Masasi, na anayeweza kuirekebisha ni yule aliyesimama katika pande zote mbili. Mambo yanapokwenda kombo, lawama mara nyingi huangukia upande wa nyumbani: mhitimu hurudi na kukuta nafasi yake imejazwa, au hurudishwa kwenye dawati lilelile la kuandika barua, na baada ya miaka hiyo miwili huondoka moja kwa moja. Mwajiri aliyekubali mapema, kwa maandishi, ruhusa ya masomo na kazi atakayopewa mtumishi wake akirudi, hupata faida ya elimu ambayo hakuilipia.

Makubaliano hayo yanapaswa kugusa pia kumbukumbu ambazo mwanafunzi atazitumia katika tasnifu, kwa sababu si mali yake. Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na zote mbili huweka masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Mtumishi anayenakili faili la wateja kwenye kifaa chake cha kuhifadhia na kupanda nalo ndege huvunja sheria hata kama nia yake ni njema. Utaratibu unaofaa ni kumwomba mwajiri kibali kabla ya safari, kuondoa majina, namba za simu na namba za vitambulisho, na kuweka wazi ni safu zipi zitatumika na zitafutwa lini; barua hiyo, yenye tarehe na saini, huambatanishwa na maombi ya idhini ya maadili ya utafiti ambayo chuo huitaka kabla ya kazi ya kiangazi kuanza.